Mkato wa Sikio la Kushoto

Ninaikumbuka siku hiyo kwa tarehe yake, mwanangu, maana tarehe ni kitu nilichojifunza nikiwa nimechelewa na sikipotezi ovyo. Ilikuwa Ijumaa, tarehe nne Februari, mwaka 1994, saa nne asubuhi, kule Lorugum, mbuzi sita walipoteremshwa kutoka kwenye pikapu mbele ya boma la bibi yangu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Arusi yangu ilikuwa imebakiza siku nane.

Habari hii sijamweleza mtoto wangu yeyote. Nakueleza wewe leo kwa sababu ya karatasi uliyoiacha mezani kwangu hapa Lodwar Jumapili iliyopita, ile karatasi ya kanisa ya kuandikisha ndoa. Umeijaza kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Lakini pale panapoulizwa ukoo wa bwana arusi na ukoo wa bibi arusi, umechora mstari mtupu, na pale panapoulizwa kama wazee wa pande zote mbili wameulizwa, umeandika "ndiyo". Mimi ni mzee wa upande mmoja, na sikuulizwa. Nilipokugusia, ulicheka ukasema, "Mama, mambo ya emachar ni ya watu wa mbuzi. Sisi tumeoshwa kwa damu ya Yesu." Ukaongeza kwamba hakuna haja ya kumsumbua mjomba wako atoke Nakalale kwa jambo dogo kama hilo.

Nimekaa na karatasi hiyo siku nne, na kalamu sijaigusa. Sasa keti unisikilize.

Emachar kwetu ni neno moja la vitu viwili: ukoo wa mtu, na alama ya moto inayochomwa kwenye mifugo ya ukoo huo. Watu wa emachar moja hawaoani. Wewe unalijua hilo. Nalitaja kwa ajili ya wajukuu watakaosimuliwa haya nikiwa sipo.

Mimi niliingia darasa la kwanza nikiwa na miaka kumi na mitatu, magoti yangu yakiwa juu ya dawati, watoto wa miaka sita wakiniita shangazi. Nilimaliza darasa la nane nikiwa mwanamke mzima, nikapata kazi ya kufundisha chekechea Kakuma. Sijui kama unaweza kuelewa kiburi cha mtu aliyejifunza kusoma akiwa mkubwa. Nilisoma kila kitu: magunia ya unga, vibao vya barabarani, gazeti lililofungiwa sukari. Jambo lisiloandikwa nililiona kama halipo.

Na bibi yangu, niliyemwita Ata kama sisi sote tunavyowaita bibi zetu, hakujua hata a. Alikuwa mama wa marehemu baba yangu, ndiye aliyenilea. Ugonjwa wa macho ulikuwa umemfunga kabisa. Kila alfajiri aliketi mlangoni pake Lorugum, akanyunyiza maziwa kidogo upande wa mawio, akamwita Akuj, kisha akataja majina: la mumewe, la baba wa mumewe, na mengine mengi, ya waliolala na ya waliopotea. Nilikuwa nimebatizwa na nilikuwa na haraka. Siku moja nilimwambia, mbele ya majirani, kwamba yale ni majina ya wafu na kwamba Mungu wangu ni wa walio hai. Hakukasirika. Aliniuliza tu, tunapomwomba huyo Mungu kwa lugha yetu, tunamwita nani. Nikamjibu kwamba tunamwita Akuj. Akasema, "Ahaa," akaendelea kusugua kibuyu chake cha maziwa.

Huko Kakuma nilimpata Ekai, mwalimu wa shule ya msingi, mwimbaji wa sauti ya nne, mtu wa kucheka. Baba yake alikufa yeye akiwa hajaanza kutembea, na mama yake alimleta mjini akamlea karibu na kanisa. Kwao Nakalale alikuwa amebaki kaka wa mama yake, mchungaji wa mbuzi. Tulipendana, mwanangu. Sitakuficha hilo kwa kuwa sasa ni mzee.

Jumatatu, tarehe kumi Januari, katekista wetu alitupa karatasi kama hii yako. Alikuwa mzee mfupi aliyechunga ngamia kabla hajafundisha mtu Baba Yetu. Alitutazama wote wawili akasema, "Nendeni kwa wazee. Rejista yangu inajua mlibatizwa lini. Haijui mlitoka wapi."

Ekai alitaka tufanye hivyo. Alisema angepata lori la kwenda Nakalale, amuulize mjomba wake, nami niende Lorugum nimuulize Ata. Mimi ndiye niliyekataa. Kwaresima ilikuwa inaanza tarehe kumi na sita Februari, na ndoa hazifungwi Kwaresima. Safari ya Nakalale siku hizo ingeweza kula wiki nzima. Nilimwambia kwamba Kakuma na Lorugum ni mbali, kwamba majina ya baba zetu hayafanani, kwamba ukoo wetu sasa ni Kristo. Aliniamini kwa sababu nilikuwa mtu wa kusema kwa uhakika. Nikashika kalamu. Nikaandika: hakuna uhusiano, wazee wameulizwa na wameridhia. Na pale palipotakiwa alama ya Ata, ambaye hajui kuandika, nilichovya kidole gumba changu katika wino wa muhuri nikakikandamiza kwenye karatasi.

Kidole changu, mwanangu, kikasimama mahali pa kidole chake.

Majina yetu yakatangazwa kanisani tarehe ishirini na tatu Januari, na tena tarehe thelathini. Likabaki tangazo moja, la tarehe sita Februari. Ndipo mjomba wa Ekai alipofika Lorugum ile Ijumaa, kuleta salamu za upande wake kwa heshima, naye alikuwa amewapakia mbuzi sita. Ekai mwenyewe alibaki Kakuma darasani. Mimi nilikuwa nimetangulia siku moja ili nimwandae Ata.

Ata alifurahi kwelikweli. Alivaa shanga zake zote, akaketi kwenye ngozi yake karibu na uzio wa miiba, akasema, "Ejok, ejok, vyema sana. Nileteeni mmoja nimsalimie. Kama amekonda, nitajua kabla hamjanywa chai."

"Mama, hawa wamekula kuliko mimi," mjomba akamjibu, na watu wakacheka.

Akaletewa jike jeupe. Ata alimpapasa mgongo, akamhesabu mbavu, akasifu. Mkono ukateremka hadi pajani, mahali pa alama ya moto, vidole vikaifuata ile alama polepole, mstari mmoja, kisha mwingine. Akapandisha mkono hadi kichwani, akashika sikio la kushoto. Lilikuwa limekatwa mara mbili, juu na chini. Akaliweka sikio lile katikati ya vidole viwili kama mtu anayepima uzi.

Akaomba mbuzi wa pili. Akaomba wa tatu. Kicheko kilikuwa kimekwisha kufa, na nilisikia maji ya chai yakichemka jikoni.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa ni nani aliyewachoma na kuwakata mbuzi hawa. Mjomba alisema ni yeye, ila alama si yake. Yeye ni wa emachar nyingine. Mbuzi hawa ni uzao wa wale walioachwa na baba yake Ekai, naye amewatia alama ya mwenyewe miaka yote hiyo ili mtoto atakapokuwa mtu mzima awatambue. Ata akauliza huyo shemeji alitoka wapi. Mjomba akasema alitoka kusini, mwaka wa njaa, peke yake na mbuzi wachache. Hakupenda kusimulia ya nyuma, na watu walimjua tu kwa jina la fahali wake ampendaye, kama desturi ya wanaume wetu.

"Wapeni wageni chai," Ata akasema. Akanishika bega, akaniambia nimwongoze ndani.

Ndani hakuketi. Aliniambia kwamba mkato ule aliubuni mume wake. Mbuzi wa nyumba ya Ata walikatwa chini. Mbuzi wa nyumba ya mke mwenziwe walikatwa juu na chini. Watu wengi wana ile alama ya pajani, lakini mkato ule wa sikio ulikuwa wa boma moja tu katika Turkana yote. Mke mwenziwe alikuwa na mwana mmoja. Mwaka wa njaa kijana huyo aligombana na baba yake, akachukua mbuzi wa mama yake, akaenda asirudi.

"Jina lake umelisikia kila alfajiri tangu ulipokuwa ukinyonya," akasema. "Leo nimejua alikofikia. Huyo Ekai ni mwana wa mwana wa mume wangu. Ni kaka yako."

Ninaona aibu kukwambia neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu. Sikulia. Sikumtaja Mungu. Nilisema, "Ata, nani mwingine anajua?"

"Wewe," akajibu.

Nikaanza kumbembeleza. Nilipiga magoti kwenye mchanga nikamwambia kwamba nguo imeshonwa, majina yametangazwa mara mbili, watu wameandaa. Kwamba kanisa linatazama vitabu, si masikio ya mbuzi. Kwamba yeye ni mzee na huenda vidole vimemdanganya. Hilo la mwisho nililisema kwa sauti ndogo, na alilisikia. Nilimwomba anyamaze tu. Basi.

"Nitanyamaza," akasema. "Sijawahi kusema kwa niaba ya mtu, na wala sitaki mtu aseme kwa niaba yangu."

Nikakitazama kidole gumba changu. Wino ulikuwa umetoka siku nyingi, lakini nilikificha ndani ya ngumi, mbele ya mtu asiyeona.

Kisha akaniuliza huko kanisani, majina yanapotangazwa, watu wanaulizwa nini. Nikamwambia wanaulizwa kama kuna anayejua kizuizi.

"Kwa hiyo Akuj ameuliza mara mbili, na hapakuwa na anayejua. Kesho kutwa atauliza tena. Sasa yupo anayejua. Mjibu."

Jumamosi nilipanda pikapu hadi Lodwar, na nyingine hadi Kakuma. Njia nzima nilikuwa nikijijengea hoja. Ata hatakuja Kakuma. Mjomba hajaelewa kitu, amekunywa chai yake na kurudi zake. Ekai hamjui hata babu yake kwa jina. Nikinyamaza siku moja tu, saa moja tu, hakuna mtu duniani atakayefungua mdomo.

Niliteremka saa tisa alasiri, nikaenda kwenye kambi ya wakimbizi kuijaribu nguo. Fundi wangu alikuwa mama Mkristo aliyekimbia vita kule Sudan, mwenye mdomo usiopumzika. Alinizungusha, akanipachika pini, akanitazama usoni. "Arusi gani hii haicheki? Umekula limau?" Akaniuliza kama mama yangu ameshafika. Nikamwambia mama alikwisha kufa, nina bibi tu, na nilisema "tu" kama mtu anayelalamika. Akaacha kushona.

"Wewe una bahati. Mimi vita ilitawanya sisi nikiwa mdogo. Ukiniuliza baba ya mama yangu ni nani, sijui. Kesho mtoto yangu akitaka kuoa hapa kambini, mimi nitauliza nani?" Akakata uzi kwa meno. "Simama wima, wewe. Nguo inakaa upande."

Nilipopita kanisani, wanakwaya walikuwa wakifanya mazoezi. Ekai aliniona kupitia dirishani, akainua vidole saba kuonyesha siku zilizobaki. Nami nikainua mkono wangu nikampungia. Hilo ni kosa langu la pili, mwanangu, na kwangu ni zito kuliko la wino: nilikuwa na jioni nzima ya kumwita kando nimweleze, nikaenda nyumbani nikafunga mlango.

Tarehe sita, Jumapili, kanisa lilijaa. Katekista alisimama kabla ya baraka ya mwisho, akafungua karatasi zake, akasoma majina yetu kwa mara ya tatu. Akauliza. Huwa anahesabu moyoni kidogo kabla ya kuendelea. Nilikuwa nimeliona hilo mara nyingi kwa wengine. Nilitazama mbele, nikaona midomo yake ikiwa imefungwa, ikisubiri, na nikajua kwamba akishakunja karatasi ile, jambo litakuwa limekwisha na nitaishi nalo.

Nikasimama. Aliyekuwa karibu nami alinisogezea magoti, akidhani natoka kupata hewa.

"Kizuizi nakijua mimi," nikasema. "Babu yake Ekai ndiye babu yangu. Na kidole kilicho kwenye karatasi hiyo si cha bibi yangu. Ni changu."

Sitaki kukueleza kelele za kanisa. Nitakueleza uso wa Ekai. Alikuwa kama mtu aliyeamshwa kwa jina ambalo si lake. Aliniuliza jambo moja tu, kutoka safu ya kwaya, watu wote wakisikia: "Ulijua lini?" Nikamjibu, Ijumaa. Akahesabu siku. Akaweka kitabu chake cha nyimbo kwenye benchi, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Katekista aliinua mkono mpaka kelele zikaisha. Kisha akasema, "Keti, binti. Tangazo lina kazi yake, na ndiyo hii." Baada ya ibada aliniita, akanipa daftari jipya la kurasa mia moja. Hakunihubiria. Alisema nimeharibu karatasi moja, basi niende nikaandike nyingine.

Kuanzia tarehe moja Machi nilirudi Lorugum, nikakaa mlangoni na Ata kila alfajiri, nikaandika majina aliyoyataja. Nilikuta kwamba sala yake haikuwa ya kuwaabudu wale watu. Alikuwa akiwakabidhi kwa Akuj, mmoja baada ya mwingine, asiache hata aliyegombana na baba yake akapotea. Nikaanza kuitikia "amina" baada ya kila jina. Yeye alikubali ubatizo mkesha wa Pasaka, tarehe sita Aprili, 1996. Padri alipomuuliza atachukua jina gani, alimuuliza naye kama majina yake yale ataruhusiwa kuingia nayo. Padri akamwambia aingie nayo yote.

Ekai hakusema nami kwa miezi sita. Kisha Jumamosi, tarehe ishirini Agosti, 1994, alifika Lorugum kwa miguu kutoka barabarani, akimvuta mbuzi kwa kamba. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa Ata akachuchumaa mbele yake. Ata alimpapasa paji la uso, pua, mashavu, kisha akamshika sikio la kushoto, akalipima katikati ya vidole viwili.

"Huyu hakukatwa," akasema, "lakini ni wetu."

Ekai akacheka, na kicheko kikamgeukia kuwa kilio, akalia akiwa ameegemea magoti ya bibi yetu. Alipoinuka alinitazama kwa mara ya kwanza. Akasema, "Dada, kuna chai?"

Sasa unajua, mwanangu. Huyo ndiye mjomba wako wa Nakalale, alikohamia baadaye kuchunga mbuzi wa baba yake, yule uliyesema hana haja ya kusumbuliwa. Ndiye aliyesimama kama kaka yangu nilipoolewa na baba yako. Ndiye aliyekushika mikononi ulipobatizwa. Tarehe kumi na saba Mei, 2016, tulipomzika baba yako, ni yeye aliyeketi nami kwenye mchanga mpaka jua lilipotua. Kama ningenyamaza ile Jumapili, ningekuwa na mume niliyempata kwa uongo na nisingekuwa na kaka hata mmoja.

Basi shauri langu ni hili. Usidhani imani yako ilianza siku ulipomwagiwa maji. Siku hiyo ulifunguliwa ukurasa mpya katika daftari lilelile. Hakuna aliyechana kurasa zilizotangulia, na nyingine bado hazijaandikwa. Mwokozi wetu mwenyewe alitajiwa baba na babu zake kabla hajatajiwa muujiza wake wa kwanza. Nenda kaulize. Mchumba wako aende kwao, wewe uende Nakalale kwa mjomba wako, na mkae mpaka mjibiwe, hata kama tarehe zitasogea. Andikeni mlichoambiwa, si mlichotaka. Msiweke kidole chenu mahali pa kidole cha mtu. Na kama patatokea neno gumu kati yenu, mwambie mwenzako kwanza, siku hiyohiyo, kabla jua halijatua. Halafu simama wewe mwenyewe useme, usingoje mzee akusemee. Kama hapana neno, nitaandika jina langu kamili, kwa herufi zangu za kuchelewa, na nitacheza siku ya arusi yako mpaka uone haya.

Karatasi yako nimeikunja. Iko ndani ya daftari lile, na pembeni nimekuwekea nyingine, nyeupe, haijaguswa.

Sogea karibu. Haya ni maji ya kisima, nami nakupaka kwenye paji la uso kama Ata alivyonipaka. Akuj wa Ata wangu, Baba wa Bwana wetu Yesu, aliyewajua waliopotea njaani kabla hatujawapata, akutangulie katika barabara ya Nakalale. Akupe masikio ya kusikia jibu na miguu ya kusimama nalo. Akupe nyumba ambayo ndani yake hakuna jina linaloogopwa. Na watoto wako, watakapopapaswa na vidole vya mzee asiyeona, watambuliwe.

Amina. Lori la Nakalale huondoka Jumamosi asubuhi.